Posa ya Fundi

Mzazi akiulizwa habari za mwanawe aliye chuo kikuu, hujibu kwa sauti. Wa chuo cha ufundi humtaja kwa kukohoa. Aibu hii sijui tumeirithi kwa nani. Nabii Daud, alayhi salaam, alilainishiwa chuma akaunda deraya kwa mikono yake! Na hapa Mombasa, MIOME, iliyopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951 na leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi, iliasisiwa makusudi ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi.

Basi mama, akija kuposa fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye dini na tabia njema, usimrudishe kwa sababu ya masizi ya kuchani. Na bintiyo akitaka kusomea umeme, mpe ruhusa. Mchana majumbani mwetu huwa wanawake watupu, na akiingia fundi wa kike hapana haja ya kukimbilia buibui.