Mwaka Wako Una Siku Ngapi?

Wavuvi wa omena hapa Mbita hawatoki mwezi unapopevuka. Usiku wa mbalamwezi taa zao hazifui dafu, kwani samaki hawakusanyiki penye mwanga; basi mashua hupumzika, nyavu hutengenezwa, na watu hupata wasaa wa kuzungumza. Ulikuwa usiku wa namna hiyo, Januari 2024, nilipoulizwa swali lililoniondolea usingizi.

Mimi ni mtu wa pwani niliyeletwa ziwani na biashara ya omena. Daftari langu la kwanza nililifungua tarehe 31 Disemba 1991, na tangu hapo kila ukifika mwisho wa Disemba huhesabu mali yangu nikatoa zaka, mbili na nusu kwa mia. Mara 32 nimetoa, na kila mara nikilala nimejiona mtu aliyetua mzigo.

Baada ya Isha, maalimu mmoja aliyekuwa mgeni wetu akaniuliza, "Bwana, mwaka wako una siku ngapi?"

Nikamjibu, "Siku 365, maalimu, kama wa kila mtu."

Akatabasamu. "Basi huo ni mwaka wa serikali, ndugu yangu. Mwaka wa zaka ni wa mwezi."

Nilikwenda nyumbani nikachukua kalamu. Ndugu msomaji, nawe chukua yako. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 na zaidi ya theluthi moja ya siku. Mwaka wa jua una siku 365 na karibu robo. Tofauti yake ni kama siku 11. Tangu siku nilipofungua daftari hadi 31 Disemba 2023 zilipita siku 11,688. Zigawanye kwa mwaka wa jua, utapata miaka 32. Zigawanye kwa mwaka wa mwezi, utapata miaka 33 kasoro siku sita tu. Januari hiyo siku sita zilikwisha kupita. Maskini walikuwa na haki kwangu mara 33, nami nimewapa mara 32. Mwaka mzima umeliwa kidogo kidogo, wala hapana aliyeuona ukiliwa. Haba na haba hujaza kibaba. Kumbe pia hukimaliza!

Wako watakaosema kwamba siku 11 si kitu, na kwamba benki na watu wa kodi hawataki kusikia habari za Muharram. Sikatai. Mfanyabiashara wa leo hana budi kufunga hesabu kwa miezi ya kizungu. Lakini udhuru huo una dawa yake. Anayehesabu kwa mwaka wa jua na atoe 2.577 kwa mia badala ya 2.5, na zile siku zilizozidi zitakuwa zimelipiwa. Kwa shilingi 1,000,000, badala ya 25,000 utatoa 25,770. Hizo 770 kwako ni nauli. Kwa yatima ni unga wa siku kadhaa.

Wala mambo haya si mageni kwetu. Wazee wetu wa pwani walikuwa na miaka miwili mkononi. Mwaka wa mwezi ulikuwa wa kufunga, kuhiji, eda na zaka. Mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365 zilizogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, ulikuwa wa kusi na kaskazi, wa jahazi na jembe. Na watu wa Makunduchi wangali wakiuadhimisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Wazee hawakuichanganya miaka hiyo. Sisi wenye kalenda ukutani na saa mkononi ndio tunaoichanganya.

Tazama vitabu vya watoto wetu. Huambiwa Mtume wetu (S.A.W.) alizaliwa yapata 570 akafariki 632, kisha huambiwa aliishi miaka 63. Mtoto hodari atatoa, atapata 62, na atadhani mwalimu amekosea. Hakuambiwa kwamba ile 63 ni miaka ya mwezi, ambayo kwa jua ni kama 61, na kwamba hiyo 570 ni ya kukadiria. Katika Suratul Kahf imetajwa miaka mia tatu na tisa zaidi, na baadhi ya wafasiri wameeleza kuwa mia tatu za jua ndizo mia tatu na tisa za mwezi. Piga hesabu uone.

Wanafalaki wa dunia nao, ili wasigombane, wamejiwekea mwaka mmoja wa kipimo, wa siku 365.25 kamili. Muda wowote, uwe wa kalenda gani, huugeuza kwanza kuwa siku, kisha hugawanya. Nasi tufuate njia hiyo. Siku ni moja kwa wote. Mwaka ndio wenye kabila.

Rai yangu ni hii: tusiandike "miaka mitano" katika mkataba, wasia wala deni bila kutaja ni miaka gani. Atakayeacha jambo hilo wazi atawaachia watoto wake ugomvi.

Ama mimi, ile zaka ya 33 nimeitoa. Siku hizi nikifungua daftari huandika tarehe mbili, ya jua kushoto, ya mwezi kulia. Nakuuliza nawe, msomaji: daftari lako linahesabu mwaka gani?