Mapenzi Yakipatwa na Mtihani



Juma hili nimemaliza riwaya mbili ambazo ni nadra kuziona zimelala kwenye rafu moja. Ya kwanza ni The Translator ya Leila Aboulela, mwandishi aliyelelewa Khartoum, iliyotoka mwaka 1999. Hiyo ni hadithi ya mahaba. Ya pili ni Nineteen Eighty-Four ya Mwingereza George Orwell, iliyotoka mwaka 1949, nayo yasimulia dola la kubuni ambalo raia wake hana faragha hata usingizini. Nilizisoma moja baada ya nyingine kwa sadfa tu, kisha nikaona kwamba zote mbili zauliza swali moja: mapenzi ya watu wawili hushikiliwa na nini siku yanapopatwa na mtihani?

Katika riwaya ya Aboulela yumo Sammar, mjane wa Kisudani anayefanya kazi ya kufasiri Kiarabu katika chuo kikuu cha Aberdeen, huko Uskoti. Mumewe alifariki kwa ajali ya gari. Akaupeleka mwili Khartoum, akamwacha mwanawe kwa bibi yake, kisha akarudi peke yake kwenye baridi na ukimya. Hapo chuoni humpenda Rae, mwanazuoni Mskoti aijuaye historia ya Uislamu kuliko Waislamu wengi, lakini aijuaye kama somo tu. Sammar hawezi kuolewa naye hivyo alivyo. Kabla ya kusafiri humwendea, akamsihi atamke shahada. Naye, kwa kuwa ni mtu mkweli, hujibu kwamba hana yakini. Wanaachana kwa maneno makali.

Binti yangu, aliyekitangulia kitabu hiki, hakupendezwa hata kidogo. Aliniambia, "Mama, huyu amedai shahada kama mtu anayedai mahari." Ni neno zito, na naona mwandishi mwenyewe alilitambua. Sammar akiwa Khartoum hutanabahi kwamba dua zake zote za kumwombea Rae uongofu zilikuwa za kujiombea mume. Basi huanza kumwombea upya, kwa heri yake Rae mwenyewe, hata kama hawataonana tena duniani. Barua ya habari njema huja baada ya hapo. Wako wasomaji watakaosema kwamba mwisho huo umekuja kwa wepesi mno. Mimi sikuuona mwepesi, kwa sababu Sammar alikwisha kumwachilia kabla ya kumpata. Lililonichoma ni jambo jingine, nalo ni yule mtoto aliyekaa miaka akimjua mamake kwa simu na picha. Huzuni ya mjane twaihurumia, lakini yatima naye ana haki yake, na nilitamani riwaya imsikilize zaidi.

Nilipoingia katika kitabu cha Orwell nilihisi kama mtu aliyetoka uani akatumbukia kisimani. Winston hufanya kazi katika Wizara ya Ukweli, na kazi yenyewe ni kuyabadili magazeti ya zamani yaafikiane na uwongo wa leo. Watu huteswa katika Wizara ya Mapenzi. Mwenzake Winston hupunguza maneno katika kamusi, ili fikra isiyotakiwa ikose hata neno la kuibeba. Hapo nilisita, nikaifikiria lugha yetu yenye huba, mahaba, penzi na nyonda, kila moja na uzito wake. Nikajiuliza vijana wangebakiwa na nini kama wangeachiwa neno moja tu.

Winston na Julia hukodi chumba juu ya duka la vitu vikuukuu, wakidhani wamepata sitara. Kumbe nyuma ya picha ukutani kimo chombo kinachowatazama, na mwenye duka ni mpelelezi. Walikuwa wamekubaliana kwamba mateso yaweza kuutoa ulimi, lakini hayawezi kuufikia moyo. Katika Chumba Nambari 101, Winston akiletewa panya usoni, hulia kwamba adhabu hiyo apewe Julia. Wanapokutana tena kila mmoja hukiri kuwa alimsaliti mwenziwe, na hakuna kilichobaki baina yao.

Nilikifunga kitabu kwa hasira. Kisha nikamkumbuka Ammar bin Yasir, radhi za Allah zimshukie, aliyeteswa mpaka akatamka aliyoyachukia. Alipomwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, hakukemewa. Aliulizwa hali ya moyo wake, nao ulikuwa umetulia juu ya imani. Orwell aliuona ulimi ukivunjika akahukumu kwamba na moyo umekwisha. Sithubutu kumlaumu Winston, kwani sijakaa katika kiti chake. Ila naona kwamba mapenzi yake na Julia yalijengwa juu ya chuki waliyomchukia mtawala, na juu yao hapakuwa na chochote cha kukimbilia. Sammar alikuwa na pa kukimbilia, ndiyo maana aliweza kusema hapana na bado akapenda.

Kurasa zilizonikaa zaidi, hata hivyo, ni chache sana. Jirani yake Winston hushtakiwa na bintiye mdogo aliyetega sikio kwenye tundu la ufunguo, na baba huyo, akiwa mahabusu, hujivunia malezi yake! Nyumba hiyo haiko mbali nasi kama tunavyodhani. Yuko mume anayepekua simu ya mkewe akiwa amelala, na mke anayefanya vivyo hivyo. Wako wazazi wanaomtuma mtoto akapeleleze kwa mzazi mwenziwe. Suratul Hujurat imetukataza kupelelezana, na Suratun Nur imetufunza kubisha hodi, hata watoto wetu waombe ruhusa katika nyakati tatu za siku. Hodi ni adabu inayoulinda mlango wa mapenzi. Pasipo hodi, chumba cha mume na mke hugeuka kile cha juu ya duka.

Nawajua wazazi wanaozikataza riwaya zote kwa kuhofia mahaba yaliyomo. Kuchagua ni wajibu wao, na kitabu cha Orwell kina mambo ya faragha na mateso yasiyomfaa mtoto; kijana mkubwa akisome pamoja na mtu mzima. Lakini binti aliyepata posa na akasoma habari za Sammar atajua kwamba yaruhusiwa kumpenda mtu na bado kumwekea sharti, na kwamba dua ya kumwombea mtu si kamba ya kumvutia kwako. Mazungumzo hayo ni afadhali ayafanye nyumbani, na mamake, kuliko ayakose kabisa.

Tukutane juma lijalo, inshaAllah. Wabillahi tawfiq.