Badilisheni Taa, Msibadilishe Ngozi

Wenzangu wanaotengeneza vibonzo wana ugonjwa mmoja: tukio likiwa la usiku, wanampausha mhusika ili aonekane. Napinga. Ngozi ni ya mhusika. Kumwonyesha ni kazi ya taa.

Njooni Busia saa mbili usiku, malori yakiwa kwenye foleni mpakani. Mchuuzi wa mayai ya kuchemsha ni mweusi tititi, na giza ni jeusi, lakini humkosi: taa za lori zinampiga kwa nyuma, ukingo wa shavu na bega unang'aa, na jasho usoni linarudisha mwanga. Hata Mwamba wa Tororo jioni haupakwi chokaa ili uonekane. Anga nyuma yake linatosha.

Mwaka 2012 Ng'endo Mukii wa Kenya alitoa Yellow Fever, filamu inayochanganya uhuishaji na picha za watu halisi, kuhusu wanawake wanaojichubua. Nasi tunawachubua wahusika wetu kwa kipanya, kisha tunaita mbinu ya mwangaza! Mtasema skrini ya simu ni ndogo, giza halisomeki. Mimi pia niliambiwa darasani kwamba mhusika wangu amepotea gizani. Ngozi sikuigusa. Niliweka taa moja ya manjano nyuma yake, kama ya lori, na hakuna aliyeuliza tena yuko wapi.