Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni

Filamu ya “Nairobi Half Life”, iliyoongozwa na David Gitonga, imesifiwa sana tangu ilipotoka mwaka 2012. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka Marekani kuwania tuzo ya Oscar, na mwigizaji wake mkuu, Joseph Wairimu, alitunukiwa mjini Durban mwaka huo huo. Nasi tuitie katika mizani yetu, ndugu wasomaji.

Mwas ni kijana wa shamba atamaniye uigizaji. Anafika Nairobi, anaibiwa siku ile ile, kisha anatiwa korokoroni na kusafishishwa choo. Humo anajuana na Oti, mkuu wa genge. Basi huku anafanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani, na huku anaiba magari.

Uzuri wake wa kwanza ni lugha. Vijana wale hawasemi Kiswahili cha vitabuni. Wanasema Sheng, lugha iliyozaliwa na mitaa ya Eastlands, na kila neno linaaminika. Wa pili ni ujasiri. Askari wanaogawana na wezi ndio wanaowamiminia risasi, bila ya kadhi wala hakimu. Hayo si ya kubuni tu: Februari 2009 Philip Alston wa Umoja wa Mataifa alikuja kuchunguza mauaji ya polisi nchini Kenya, akasema yamepangwa.

Kasoro nazo zipo. Maskani ya genge yanaitwa Gaza, jina lijulikanalo Kayole, na humo twaonyeshwa wezi, askari na makahaba. Mwanamke aliyepewa nafasi kubwa anaitwa Amina, jina la mama yake Mtume, naye kazi yake ni kuuza mwili na kugombewa na wanaume wawili. Wako wapi mafundi wa Gikomba? Wako wapi wazee wa Majengo ya Pumwani, ambao wengi wetu huku pwani tuna udugu nao?

Kasoro hii si ndogo, kwani inaudhuru ule ujasiri. Mtazamaji asiyeonyeshwa ila wezi, wakipigwa risasi atasema, “Afadhali.” Vijana wanauawa, na filamu inarejea jukwaani, hatumwoni mama anayekwenda kuitafuta maiti ya mwanawe. Angaliingizwa mama huyo, walau kwa dakika mbili, tungalijua kuwa aliyekufa alikuwa mtoto wa watu, na kwamba hata mwizi ana haki ya kuhukumiwa.

Itazameni. Ni kazi njema, lakini imewaacha majirani nje ya mlango.