Mashine ya kutafutia vyuma: ijaribu kwanza

Je, unataka kununua mashine ya kutafutia vyuma ardhini? Usikimbilie kulipa kwa sababu bei ni rahisi.

Mashine hii hulia inapopita juu ya chuma, shaba au dhahabu. Lakini udongo wetu mwekundu wa Bukoba na Muleba una chuma ndani yake. Tena kuna mavi ya chuma. Pale Katuruka, wahunzi waliyeyusha chuma miaka 2000 iliyopita. Mashine duni italia kila hatua. Utachimba mchana kutwa, upate mawe.

Kwa hiyo mwambie muuzaji mtoke nje. Fukia sarafu kwenye udongo mwekundu, kina cha kiganja. Pitisha mashine polepole. Inalia penye sarafu tu? Vizuri. Inalia kila mahali? Tafuta kitufe cha kuizoesha udongo. Kama haina, iache. Muuzaji akikataa kuijaribu, rudi nyumbani na fedha zako.

Ukifukua chuma usichokijua, usikiguse wala usikigonge. Mwaka 2017, hapa hapa mkoani, bomu la mkono lililipuka katika shule moja ya Ngara, likaua watoto. Weka alama mbali kidogo, ukawaite polisi.