Tumtazame mtu kama farasi anavyotutazama

Wakazi wengi wa Majengo, hapa Nyeri, hawajawahi kumgusa farasi. Tuliyemzoea ni punda wa mkokoteni, jamaa yake wa karibu. Mtazame vizuri punda huyo: kila sikio hugeuka upande wake, na macho yake huona karibu pande zote. Mnyama wa kuwindwa hana budi kuwa macho.

Je, msomaji, wajua kwamba farasi humsoma hata binadamu? Mnamo 1904, mjini Berlin, Ujerumani, farasi aitwaye Hans alipata sifa kubwa. Mwenyewe, mwalimu mstaafu Wilhelm von Osten, aliamini amemfunza hesabu. Akiulizwa mbili na tatu, Hans aligonga ukwato mara tano. Mwaka 1907 mtaalamu Oskar Pfungst alieleza siri yake. Muulizaji akifichwa, au akiwa hajui jibu, Hans alishindwa. Kumbe alikuwa akiona kichwa cha muulizaji kikitikisika kidogo mno hesabu ilipotimia, wala muulizaji mwenyewe hakujua!

Watu walimcheka Hans. Mimi naona ametushinda. Sisi tukijibiwa "sijambo", twaridhika. Mgonjwa huja kwa daktari akilalamikia kichwa au tumbo, ilhali mwili wasimulia jingine: mabega yameinama, nguo zampwaya, hamtazami mtu usoni. Huenda ni maradhi ya huzuni, ambayo humfikisha mtu hata kujitoa uhai. Baadaye jamaa husema hawakuona dalili. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Basi jioni hii weka simu kando, umtazame mwenzako nyumbani. Ukiona amebadilika, usimuulize "Habari?", kwani jibu lake amelikariri. Buni swali jipya: "Siku hizi walala vipi?" "Juma hili ni nini kilichokufurahisha?" Wengine husema wazi zaidi mkimenya viazi pamoja kuliko mkikaa uso kwa uso. Hali hiyo ikiendelea kwa majuma mawili, mpeleke kwenye kituo cha afya.

Usiogope kumuuliza kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Humfungulia mlango wa kusema. Akikubali, usimwache peke yake, na umpeleke hospitalini siku iyo hiyo.

Hans hakujua hesabu, lakini hakuna kilichompita. Nasi tunaojua hesabu, tujifunze kutazama.