Ukurasa wa Mtandao Usipimwe kwa Karatasi

Mchapaji wa vitabu huujua upana wa karatasi yake kabla ya kazi kuanza. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297, na haitabadilika iwe Mwanza au Mombasa. Aandikaye ukurasa wa mtandao hana bahati hiyo. Ukurasa uleule utafunguliwa na mtu mwenye simu nyembamba kama kiganja, na mwingine mwenye kompyuta ya mezani, na mwingine asiyeona kabisa, ambaye mashine humsomea kwa sauti. Hata hivyo wapo mafundi wa kurasa, na walimu wanaowafundisha vijana kazi hiyo, ambao bado huupima ukurasa kwa rula kana kwamba wamekabidhiwa karatasi. Kosa hilo huwanyima watu maarifa, na wanaonyimwa kwanza ni wale wenye simu ndogo na wale wenye macho dhaifu.

Ukurasa wa mtandao huundwa kwa lugha mbili zenye kazi mbalimbali. HTML hutaja kila kitu kwa jina lake: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hili ni jedwali. CSS hueleza vitu hivyo vionekaneje: rangi yake, ukubwa wa herufi, na mahali pa kukaa. Lugha hii ya pili ilipendekezwa Oktoba 1994 na Håkon Wium Lie, raia wa Norway aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na Geneva, nchini Uswisi. Bert Bos wa Uholanzi akaungana naye, na kanuni za kwanza zikapitishwa Desemba 1996.

Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba katika pendekezo lile la mwanzo mwandishi na msomaji wote wawili walipewa sauti. Amri iliweza kuandikiwa asilimia, kuonyesha mwenye kuitoa anataka iwe na nguvu kiasi gani. Mpango wa asilimia uliachwa, lakini wazo lenyewe halikufa. Kanuni za 1996 zilimpa mwandishi neno la mwisho pale wote wawili waliposisitiza amri zao. Zile za 1998 ziligeuza mambo, ikawa amri aliyoisisitiza msomaji ndiyo inayoshinda. Sababu iliyotolewa ilikuwa mahitaji ya watu wanaohitaji herufi kubwa au mchanganyiko fulani wa rangi ili waweze kusoma. Yafaa kila anayefundisha CSS aianze habari yake hapo, kwa kuwa mengi ya baadaye hayaeleweki bila swali hilo: ukurasa ni wa nani?

Kwa miaka ya mwanzo mafundi walijibu kwamba ni wao. Tena hawakuwa na chombo cha kupangia safu. Basi walilichukua jedwali, lililotengenezwa kwa ajili ya takwimu, wakaligeuza kiunzi cha ukurasa mzima: menyu kisanduku hiki, habari kisanduku kile, tangazo kule. Palipohitaji nafasi tupu waliweka picha isiyoonekana ya pikseli moja, wakaivuta hadi itoshe. Kwa jicho, kazi ilipendeza. Lakini jedwali ni neno lenye maana, na mashine ya kumsomea asiyeona haikujua kuwa maana hiyo imepotoshwa. Ilisoma kisanduku baada ya kisanduku, mstari kwa mstari, habari ikachanganyika na tangazo. Baadaye ikatumiwa amri ya kuelea, ambayo asili yake ni kuiweka picha kando ili maneno yapite ubavuni mwake. Nayo ikabebeshwa mzigo usio wake kwa zaidi ya miaka kumi. Hila zilizotumika ili safu hizo zisiporomoke ni habari ndefu, na hakuna haja ya kuwatwisha wanafunzi wa leo.

Mwaka 2000 John Allsopp wa Australia alikwisha kuandika kwamba kunyumbuka kwa ukurasa wa mtandao si dosari ya kutibiwa bali ni tabia yake ya asili. Mwaka 2010 Ethan Marcotte wa Marekani akaipa kazi hiyo jina na njia: gridi zinazonyumbuka, picha zinazonyumbuka, na masharti yanayouliza upana wa skrini. Kilichokosekana kilikuwa vyombo vilivyobuniwa kwa kazi yenyewe. Sasa vipo. Fleksiboksi hupanga vitu katika mwelekeo mmoja, kama watu katika foleni: nafasi ikibaki hugawanywa, ikipungua vitu hubanana au hushuka mstari wa pili. Gridi hupanga pande mbili kwa pamoja, safu wima na safu mlalo, na vivinjari vya Firefox, Chrome na Safari viliipokea vyote katika mwezi mmoja wa Machi 2017.

Uzuri wa gridi huonekana katika hesabu. Fundi huweza kukiagiza kivinjari hivi: weka safu nyingi kadiri zitakavyoenea, kila moja isipungue pikseli 180, baina yao uache pikseli 20, na nafasi itakayobaki uigawe sawasawa. Upana ukiwa u na idadi ya safu ikiwa n, kivinjari hutafuta n iliyo kubwa kuliko zote inayotimiza

180n + 20(n − 1) ≤ u, yaani 200n ≤ u + 20.

Kwa simu yenye upana wa pikseli 360, n ni 1, na safu hiyo moja hujaza kioo chote. Upana ukiwa 600, n ni 3, na kila safu hupata pikseli 186 na theluthi mbili. Upana ukiwa 1000, n ni 5, na kila safu hupata 184. Katika agizo hilo hapakutajwa simu wala kompyuta. Fundi ametoa kanuni, na kila skrini imejipatia jibu lake. Kukokotoa huku hakumshindi mwanafunzi wa sekondari mwenye kalamu, na mwalimu wa hisabati atafaidika nako kuliko mifano mingi ya vitabuni kuhusu maembe na machungwa.

Lakini chombo kipya huweza kufanya kosa la zamani. Gridi humruhusu fundi kukiweka juu kitu kilichoandikwa mwisho, na chini kilichoandikwa kwanza. Mashine ya kusoma kwa sauti hufuata mfuatano wa maandishi, haifuati picha iliyo kwenye kioo. Vivyo hivyo anayesogea kwa vibonye badala ya kipanya. Anayepanga kwa gridi bila kujali mfuatano wa maandishi amerudi kule kwenye majedwali kwa mlango wa nyuma. Hali kadhalika herufi. Kivinjari kwa kawaida huanza na ukubwa wa pikseli 16, na mwenye macho dhaifu huweza kupandisha kipimo hicho hadi 24. Fundi aliyetumia vipimo vinavyotegemea ukubwa wa msingi ataona maandishi yake yakikua kwa kadiri hiyo. Aliyeandika pikseli 14 ameamua peke yake, na ombi la msomaji halisikiki.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote huondolewa taabu na vifurushi vilivyo tayari, kama Bootstrap, kilichotolewa mwaka 2011 na wafanyakazi wa Twitter, chenye ukurasa uliogawanywa safu 12. Ni kweli kwamba vifurushi hivyo viliwaokoa wengi enzi za amri ya kuelea, na mwenye kazi ya haraka asilaumiwe. Kwa mwanafunzi hali ni nyingine. Hujifunza majina yaliyotungwa na watu wa kampuni fulani, na kifurushi kikipitwa na wakati elimu yake hupitwa pamoja nacho. Isitoshe, msomaji hulazimika kupakua amri nyingi ambazo ukurasa hauzitumii, naye katika Afrika ya Mashariki mara nyingi hununua data kidogo kidogo kwa fedha yake mwenyewe.

Liko jambo jingine linalowahusu Waswahili moja kwa moja. Kabla ya herufi za Kirumi kuenea, Kiswahili kiliandikwa kwa karne nyingi kwa hati za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Atakayetaka kuziweka tenzi za kale mtandaoni kwa hati zake za asili, na kando yake nakala ya herufi za Kirumi, atapata shida kubwa akiamuru nafasi za kushoto na kulia. CSS ya sasa humwezesha kutaja mwanzo wa mstari na mwisho wa mstari. Kivinjari hutambua chenyewe upande upi ni upi. Gridi nayo hugeuka pamoja na maandishi.

Mwalimu asiye na mtandao shuleni asidhani kwamba somo hili halimhusu. Kompyuta moja yenye programu ya kuandikia maneno matupu na kivinjari cha miaka ya karibuni inatosha. Mwanafunzi aandike faili, aifungue, kisha aushike ukingo wa dirisha na kuusogeza ndani polepole huku wenzake wakihesabu safu zinavyopungua. Halafu wakokotoe kwa kanuni iliyo hapo juu ni katika upana gani kila safu ilipaswa kuanguka, walinganishe na waliyoyaona.